Kigingi cha Sabini na Moja

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanipa sifa nisizostahili huko mbele. Naogopa ng'ombe wakiwa wengi, naogopa lori likiwa nyuma yangu, naogopa radi, na tangu utotoni nimeogopa safari yoyote ambayo mtu hawezi kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kazi yangu ni kutengeneza saa, kazi ya kukaa, na kwa miaka thelathini nimekaa. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje nikapanda pikipiki peke yangu nikakata nchi hadi pwani, namjibu kwamba sikuwa na namna.

Namna iliisha kwa sababu ya harusi. Kaka yangu Yahaya aliondoka kwetu bara miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa pikipiki, kumfuata mkewe na binti yao mdogo waliotangulia pwani. Hakufika. Hatukupata mwili, hatukupata pikipiki, hatukupata hata kofia. Mama alikataa katakata kuweka matanga, akafa akiwa bado anamwekea sahani. Sasa yule binti, Mwanahawa, alikuwa amekua na kupata mchumba, na ndoa imepangwa Ijumaa. Sheikh wa huko alituma neno: baba hayupo, babu hayupo, kaka hana, basi aje ndugu wa baba yake asimame kuwa walii wa kumwozesha. Ndugu huyo ni mimi, Mrisho, na hakuna mwingine. Nisingefika Ijumaa kusingekuwa na ndoa.

Kati ya kwetu na bahari kuna nchi inayoitwa Uhadhari. Mabasi hayaikati, na sababu yake nitaieleza. Ni nchi nzuri kwa macho. Barabara yake haina shimo hata moja, kingo zimepakwa chokaa, mihogo imestawi pande zote mbili, na watu wake ni wapole kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Juu ya lango la kuingilia pameandikwa maneno mawili kwa rangi ya kijani: KARIBU, na chini yake, POLE.

Nilifika langoni Jumatano asubuhi. Pembeni kuna Ofisi ya Vigingi, na ndani yake nilimkuta karani, mama mtu mzima mwenye miwani, Bi Sikudhani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda pwani?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Vizuri. Utaanguka wapi?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia sikusudii kuanguka.

"Hakuna anayekusudia," alisema, akifungua daftari. "Ndiyo maana tunaandika."

Akanieleza sheria, na nitaieleza kama alivyonieleza. Hapo zamani wasafiri wengi walikuwa wakipotea njiani. Ndugu zao walizunguka maporini miezi na miaka wakiwatafuta, wengine wakachanganyikiwa, wengine wakapotea wao pia. Ndipo mtawala mmoja mwenye huruma akaamuru kwamba kila msafiri, kabla hajavuka lango, achague mahali atakapoangukia. Hapo hupigwa kigingi chenye jina lake. Ndugu wakimtafuta, wanajua pa kwenda. Kila mtu asafiri peke yake, kwa kuwa wawili wenye vigingi tofauti watasumbuana, na basi la watu sitini ni vurugu tupu. Nilipoisikia sheria hiyo sikucheka. Ilikuwa na huruma ya kweli ndani yake, na hilo ndilo lililonitia hofu ya kwanza.

"Basi niandikie ufukweni," nilisema, nikijiona mjanja.

"Ufukwe si barabara. Vigingi ni sabini na viwili. Cha sabini na mbili kina mtu."

"Cha sabini na moja?"

Akapekua. "Kiko wazi. Ila ni mbali, mwanangu. Wengi siku hizi wanachagua karibu, wamalize. Huku mwanzoni kuna kivuli, kuna maji, kuna majirani. Kwa nini ujitese na hofu njia nzima?"

Nikashikilia cha sabini na moja. Akaandika bila kinyongo, kisha akaniuliza sababu ya kuanguka. Nikasema sijui. Akaniambia sijui haimo katika fomu. Palikuwa na tairi, mchanga, usingizi, lori, na ng'ombe. Nilijiona mpumbavu kusimama pale nikichagua, lakini nilichagua. Nilisema ng'ombe, kwa kuwa ndicho kitu nilichokuwa nimeota usiku uliotangulia.

"Na mtu akikipita kigingi chake?" niliuliza.

Bi Sikudhani akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga. "Anaweza. Hatumzuii mtu. Hakuna askari njiani, hakuna kizuizi. Ila akianguka baada ya hapo hatutamtafuta. Hata akiita, atakayesikia anatakiwa aseme kwamba kule hakuna mtu."

"Wangapi wamepita?"

"Hatuna fomu ya hao."

Alipoandika jina la ukoo wetu kalamu ikasita. Akarudi nyuma kurasa nyingi, akanyanyua uso kwa furaha ya karani aliyepata anachokitafuta. "Una ndugu hapa. Yahaya. Kigingi cha arobaini na tatu, mchanga. Mtu mwema sana, hakutupa taabu hata kidogo."

Miaka kumi na mmoja tulikuwa tumemtafuta kwenye hospitali na magereza, tumewauliza madereva wa malori, ila langoni hapa hakuna aliyethubutu kufika, na kumbe yuko katika daftari la mama huyu, mstari wa nne kutoka chini. Niliuliza kama amezikwa. Bi Sikudhani akasema hilo si la ofisi yake.

Rangi ya kigingi changu ilihitaji siku nzima kukauka, na msafiri haruhusiwi kutangulia kigingi chake. Nikaelekezwa kwenye ukumbi wa Baraza la Vigingi, ambako wageni huruhusiwa kusikiliza. Baraza lina vyama viwili. Waangukaji wanashikilia kwamba mtu akifika kigingini ni lazima aanguke, japo kwa kujilaza taratibu, la sivyo sheria haina maana. Wakaaji wanasema kukaa kunatosha, kwa kuwa matokeo ni yale yale na nguo hazichafuki. Wamebishana miaka arobaini.

Shauri la siku hiyo lilimhusu mama mmoja muuza vitunguu. Breki zake zilikuwa zimegoma, akapitiliza kigingi chake hatua ishirini na mbili, akasimama akiwa mzima. Alikuwapo ukumbini, lakini hakuna aliyemuuliza kitu, kwa sababu kisheria ilikuwa bado haijajulikana yuko upande gani. Mjumbe wa Waangukaji alitaka arudishwe nyuma aanguke kama alivyoandikishwa. Mjumbe wa Wakaaji alisema huo ni ukatili, kisogezwe kigingi. Walitoleana maneno mpaka adhuhuri. Mwishowe ikapitishwa kwamba kigingi kisogezwe hatua ishirini na mbili na daftari lisahihishwe kwa tarehe ya mwaka jana, ili Ofisi isionekane imekosea. Pande zote mbili zikapiga makofi.

Yule mama akanyoosha mkono. "Waheshimiwa, mimi sikuanguka. Naomba tu niendelee na safari yangu."

"Mama," mwenyekiti alimjibu, "umeshapewa kigingi kipya. Usitake makubwa."

Akaketi. Nilitazama miguu yake chini ya benchi, ilikuwa ikitetemeka, nikajua kwamba hata wangemruhusu asingekwenda. Kisha mwenyekiti akasoma taarifa ya mwaka: wasafiri wote walioandikishwa wameishia kwenye vigingi vyao, na Ofisi haijakosea hata mara moja tangu ianzishwe. Nilijikuta napiga makofi na wengine.

Alhamisi alfajiri niliingia barabarani. Nilijua nitakuta makaburi, na nilikuwa nimejiandaa kwa makaburi. Nilichokikuta kwenye kigingi cha kwanza ni mtu mzima wa afya, ameketi kwenye kiti cha uvivu, anakunywa uji. Nyuma yake palikuwa na kibanda, na kando ya kibanda pikipiki imefunikwa kwa turubai. Nikapunguza mwendo nikamwamkia. Hakuitika. Mwanamke wa kigingi cha pili, aliyekuwa anapepeta mchele, akaniambia kwa sauti ya chini nisiwasemeshe marehemu kwa nguvu, si adabu. Mpita njia husema "poleni wafiwa" kisha hupita.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa barabara yote. Kwenye kila kigingi palikuwa na marehemu wake, hai, anafua, ananyoa ndevu, anapalilia bustani. Hakuna aliyefungwa kamba, hakuna aliyelindwa. Wote walikuwa wamefika mahali walipoandika wataishia, wakaishia hapo. Nilisema "poleni wafiwa" mara arobaini na mbili, na kila nilipolisema nilihisi sauti yangu inapungua. Nilianza kuangalia kila kichaka kama kina ng'ombe. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe hilo neno, na sasa lilikuwa linanifuata.

Kwenye kigingi cha arobaini na tatu palikuwa na mkorosho, na chini yake mwanamume mwenye mvi amechuchumaa anamenya muhogo. Nilimjua kwa masikio yake. Nilizima pikipiki, nikashindwa kushuka.

"Shikamoo, kaka," nilisema.

Kisu kikasimama. Hakuinua kichwa. "Marahaba," alisema polepole. "Usiniite kwa nguvu. Jirani wa arobaini na nne ana masikio."

Kisha akainuka akanikumbatia, na mikono yake ilikuwa na utomvu wa muhogo. Alilia, nami nililia, tukaketi kwenye mkeka wake. Nilikuwa na hasira pia, siwezi kuficha. Nilimwambia Mama alikufa akimwekea sahani. Akafumba macho akasema amelisikia hilo, msafiri mmoja alimwambia.

"Ulijua, na hukuja?"

"Ningekujaje, Mrisho? Nimekufa."

"Hujafa. Unamenya muhogo."

"Kumenya muhogo si hoja," alisema, na sikuona mzaha usoni mwake.

Akanisimulia. Siku ile hakuwa na nia ya kukaa. Alifika kigingini saa sita mchana, jua kali, na barabara mbele ilikuwa na mchanga kama ule aliouandika. Akasema atapumzika mpaka jua lipungue. Jua likapungua, akasema labda kesho asubuhi. Waliaji wa Ofisi walikuwa wamekwisha kufika, wakamlilia kwa jina lake, jina la baba, jina la binti. "Nilililiwa vizuri, ndugu yangu. Tangu nizaliwe sijawahi kupendwa vile. Kesho yake nikaona aibu kuondoka, baada ya watu kujisumbua hivyo. Kesho kutwa sikuona aibu, niliona hofu. Na tangu hapo ni hofu."

Nilimwambia habari ya Mwanahawa. Alitaka kujua urefu wake, kama bado anakula kwa mkono wa kushoto akigombezwa, kama huyo mchumba ana heshima. Uso wake ulichangamka mpaka nikapata tumaini.

"Anaolewa kesho, kaka. Panda pikipiki yako. Ni mwendo wa saa nne tu. Utamwozesha mwenyewe."

Kisha akaenda akaivua turubai pikipiki yake. Ilikuwa inang'aa. Aliniambia anaiwasha kila Ijumaa ili isife. Akavaa viatu, akafunga vifungo vya shati mpaka juu kama anayekwenda msikitini, akapanda. Nami nikapanda yangu. Jirani wa arobaini na nne alitoka kibandani mwake akasimama kututazama, bakuli mkononi.

Tulikwenda pamoja hatua kama kumi. Nilisikia mlio wa pikipiki yake nyuma yangu, na nakiri kwamba katika safari nzima hapo tu ndipo sikuogopa. Kisha mlio ukakatika. Nilipogeuka nilimwona ameshusha miguu yote miwili chini, kifua kinapanda na kushuka, na jasho limelowesha shati lote. Mbele yake palikuwa na kimchanga kidogo, mtoto wa miaka mitano angekivuka kwa baiskeli.

"Siwezi," alisema. "Mrisho, siwezi. Wakinitafuta watanikosa."

"Nani anakutafuta? Mimi ndiye nimekutafuta, na nimekupata."

Alitikisa kichwa. Nikamsaidia kuirudisha pikipiki chini ya mkorosho, tukaifunika pamoja.

"Basi nipe idhini," nilimwambia. "Sema tu kwamba umeniruhusu nimwozeshe kwa niaba yako. Neno moja, ndoa ipite."

Akamtazama jirani, akanitazama mimi. "Marehemu akitoa idhini, ina maana yu hai. Akiwa hai, kigingi chake kinafutwa, anapewa kingine mbele." "Wewe waambie nimekufa. Haitakuwa uongo. Imeandikwa."

Nilimwacha akiwa ameshika kisu na muhogo, hamenyi. Aliponiaga hakusema safari njema. Alisema, "Pole."

Njia kutoka hapo siikumbuki vizuri. Nakumbuka nilikuwa nahesabu vigingi kwa sauti, na kwamba kuanzia cha sitini vilikuwa vitupu, kwa kuwa wachache hufika huko. Utupu ule ulikuwa mbaya kuliko marehemu. Nilijiambia nikiona ng'ombe nitafumba macho, nikajijibu kwamba huo ndio upumbavu utakaoniangusha. Nilisoma kila dua niliyoijua, na nilipozimaliza nikaanza upya.

Kwenye kigingi cha sabini na moja ng'ombe alikuwapo. Alikuwa mwekundu, amefungwa kamba kwenye mti, shingoni ana kibao cha Ofisi. Walikuwa wamemleta ili mambo yaende kama yalivyoandikwa. Alikuwa anatafuna tu na hakunitazama, lakini nikasimamisha pikipiki. Sikuamua kusimama. Nilijikuta nimesimama.

Jina langu lilikuwa pale kwa rangi nyeupe iliyokauka vizuri. Kibanda kilikuwa kimefagiliwa, mkeka umetandikwa, maji ya baridi mtungini, wali umefunikwa kwa kawa. Wanawake sita na wazee watatu walikuwa wameketi wakinisubiri, na nilipoketi walianza kulia. Mama mmoja alinililia kwa machozi ya kweli. Alisema, kama fomu ya Ofisi ilivyomweleza, nilikuwa fundi mwaminifu, na kwamba nilikuwa njiani kwenda kumwoza mtoto wa marehemu kaka yangu, roho nzuri kama hii, ona ilivyoishia. Wakati huo nilimwelewa Yahaya kabisa. Kulikuwa na raha ndani yake. Mwili wote ulilegea. Nilikula wali wao. Nilifikiri, nitapumzika mpaka jua lipungue.

Baada ya alasiri walijifuta machozi, wakakunja mikeka. Yule mama aliniuliza kwa upole kama ninapenda kulala kichwa upande wa mashariki au magharibi, akalipanga godoro, akaniambia kesho wana mtu kigingi cha sitini kwa hiyo nisiwategemee. Kisha wakaondoka, ng'ombe wakamwacha.

Nikabaki peke yangu. Niliingoja ile raha irudi, haikurudi. Kilichokuja ni hofu, ile ile niliyokuwa nayo barabarani, wala haikupungua hata kidogo. Kila jani likitikisika nilishtuka. Niliogopa usiku, niliogopa nyoka, niliogopa kwamba nitaugua na hakuna wa kuniletea maji. Nikapiga hesabu, nami ni fundi saa, nimezoea kupima vitu vidogo. Hofu ya kukaa na hofu ya kwenda zilikuwa sawasawa, ila ya kukaa haikuwa na mwisho na ya kwenda ilikuwa na saa moja na nusu. Sikupata ujasiri wowote, msomaji asinielewe vibaya. Niliwasha pikipiki nikilia, nikampita ng'ombe kwa mbali kadiri barabara ilivyoniruhusu, na nilipokipita kigingi nilipiga kelele kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Mbali na marehemu wa sabini na mbili, aliyekuwa anaanua nguo, hakukuwa na kitu upande wa pili. Barabara ilikuwa barabara, mbuzi walikuwa mbuzi. Niliogopa mpaka nilipoanza kusikia harufu ya dagaa walioanikwa, na hata hapo niliendelea kuogopa kidogo, kwa mazoea.

Mwanahawa alinipokea kwa kunikumbatia magoti, nikamwinua. Ana paji la uso la baba yake. Asubuhi ya Ijumaa, walipokuwa wanampaka hina, aliniambia jambo ambalo alisema hajawahi kumwambia mama yake: mpaka leo pikipiki ikisimama nje ya nyumba, yeye hutoka kuangalia.

Baada ya swala tuliketi barazani, bwana harusi Khatibu mbele yangu, kijana mpole mwenye mikono ya kazi, na Mwanahawa nyuma ya pazia na wanawake. Sheikh Vuai alifungua kitabu chake cha ndoa, akashika kalamu, akaniangalia.

"Bwana Mrisho, kabla sijaendelea. Huyu kaka yako Yahaya, yu hai au amefariki? Kama yu hai popote, hata mbali, wewe huwezi kuozesha mpaka yeye akuidhinishe. Kama amefariki, haki ni yako."

Nyuma ya pazia bangili ziliacha kulia. Nilijua nikisema yu hai, ndoa itasimama hapo hapo, na binti atajua kwamba baba yake yuko mwendo wa saa nne, na kwamba alivaa viatu kisha akavivua. Nikisema amefariki, nitakuwa nimesema uongo mbele ya Mungu katika jambo lake, na sijui ndoa iliyofungwa kwa uongo huo inaitwaje. Niliogopa yote mawili. Nilikumbuka kisu kimesimama kwenye muhogo.

"Amefariki," nikasema.

Wanaume wakaitikia kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Nyuma ya pazia nilisikia kilio kimoja, kifupi. Sheikh Vuai akaandika, kisha nikamshika Khatibu mkono nikatamka maneno yanayotakiwa, na sauti yangu haikutetemeka.

Jioni Mwanahawa alikuja kuketi karibu nami, na mumewe pembeni yake. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Ulijuaje, baba mdogo?"

"Nilipita alipo. Kuna kigingi chenye jina lake."

"Pakoje?"

"Pasafi. Pana mkorosho. Pamefagiliwa."

Alishusha pumzi ndefu, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Ahsante," alisema. "Sasa najua yuko wapi. Hutaamini, hata njaa naisikia leo." Akamgeukia Khatibu, akarudi kwangu. "Khatibu ana pikipiki. Zikitimia siku saba tutakwenda kumsomea. Utuelekeze njia."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Labda yeye ndiye mtu pekee duniani ambaye Yahaya angeuvuka mchanga kwa ajili yake. Angefika, angemkuta amechuchumaa chini ya mkorosho, angemwita baba kwa sauti kubwa bila kujali majirani. Lakini pia angejua nilichokisema mbele ya Sheikh, na ndoa yake ingekuwa mashakani, nami ningekuwa yule aliyemzika baba yake akiwa hai.

Basi nikaanza kumweleza njia ilivyo. Nilimwambia juu ya malori, nikamwambia juu ya mchanga unaoshika tairi ghafla, nikamwambia juu ya ng'ombe. Nilimwambia kwamba wengi wenye afya kuliko Khatibu wameishia humo, na majina yao nimeyasoma mwenyewe, sitini hivi. Nilisema kwa upole, taratibu, bila kumkataza, nikiongeza jambo moja baada ya jingine, mpaka mkono wake ukamshika Khatibu na usimwachie. Nikaona anaanza kuogopa, na moyo wangu ukatulia.